Papa Gustave Anaacha Mifupa, Anaenda Nyuma ya Goli

Papa Gustave Bauma ametumika kwa hospitali yetu miaka makumi tatu na moja, na tarehe makumi tatu ya mwezi huu wa sita njo anaingia mu retrete, anapumuzika kazi. Wamesema mimi, Mama Drocella, niseme, na Nicole wa biro aandike, sababu mimi na yeye tuliingia kazi mwaka moja: yeye kwa radio, ile mashini ya kupiga foto ya mifupa, mimi kwa kufua mashuka. Nicole, andika yote, usikate.

Alitokeaka Kalembe, kijana mwembamba, suruali inamupita. Leo tumbo iko, tushukuru Mama Valérie bibi yake. Ile wakati wagonjwa wanafika wamebebwa mu kipoyi, kitanda ya miti ku mabega, matope mpaka ku magoti, na mvua ya Masisi munaijua, sitaisema. Meza ya mashini iko baridi sana. Basi alikuwa ananiombaka shuka yenye imetoka ku jua sasa hivi, anatandika, njo mugonjwa analala. Hakuna mwenye alimutuma kufanya vile. Kisha anajificha nyuma ya ukuta yake, anapandisha sauti: "Usipumue! Usitikisike!" Sauti ya pasta. Hata mimi kule kwa mabeseni, nikiisikia, mikono inasimama mu maji.

Kazi yake kubwa ilikuwa siku ya Mungu, Jumapili, sababu ya mupira. Vijana wa Masisi na wa Walikale wanachezaka bila kuhurumia miguu. Jioni njo wanawaleta. Papa Gustave anajua kila muchezaji mpaka mu mifupa, lakini hajaona hata moja anakimbia. Wakati wanacheza, yeye iko hapa anawangojea. Njo siku moja aliniambia: "Mama Drocella, nikitoka hapa, nitaenda kuwapiga foto wakiwa wazima."

Mutoto yake Bénédicte akamuletea aparey ya foto kutoka Goma, yenye iko na pua murefu. Mu konje, mapumziko yake ya mwisho, akaanza. Hakuna shefu, hakuna gazeti imemutuma, yeye tu na mufuko yake. Akaenda kwao Kalembe, akakaa nyuma ya goli ya wageni. Déo wa Kalembe akatokea na mupira. Huyu Déo njo mwenye mguu yake ya kushoto ilivunjika mwaka jana, wakamuletea Papa Gustave. Anakuja mbio, anabakia na goli tu. Papa Gustave anaona foto imefika, na kinywa ikaenda yenyewe: "Usipumue! Usitikisike!"

Na Déo akasimama! Kama muti. Wageni wakabeba mupira, wakaenda kufunga upande ingine.

Weee! Noël, gardien wa goli ya Kalembe mwenye alifungwa, akavuka kiwanja yote: "Muzee, wageni njo wamekuleta?" Mama moja wa kuuzisha ndizi analalamika: "Mufungue mufuko! Iko na dawa ya uchawi!" Wakafungua, wakakuta mukate na jibini. "Dawa njo hii?" "Tuionje!" Wakaimaliza. Lakini kapiteni akasema huyu muzee asikanyage tena hapo.

Akarudi, akafungia aparey mu valizi. Chakula anaiangalia tu. Ile kazi alingojea miaka yote, siku moja imekufa.

Halafu Déo akakuja kwake. Mimi nilikuwa pale, nimepeleka sombe, majani ya muhogo, wakule.

"Papa, wanakukasirikia bure. Mimi njo nilisimama."

"Na ulisimamia nini, mutoto yangu? Mupira iko ku mguu!"

"Siku ile mu chumba yako nilikuwa nalia. Nilishika sauti yako tu. Sasa ikisema, mwili inatii, hainiulizi."

Mama Valérie akasema: "Hiyo sauti uazime mbuzi zangu, zinamaliza maharagi."

Tukacheka, lakini Déo hakucheka. Mama yake, Mama Jeannette, kule Bweremana, alikuwa amesema mwisho wa mwezi arudi, aache mupira. Usiku mama anaota mguu inavunjika. "Nikimwambia imepona, anasema namudanganya. Anaamini tu ile foto yako ya mifupa. Papa, umupigie ingine. Ya mimi niko nakimbia."

Kapiteni akakubali muzee arudi ku kiwanja, lakini kinywa yake ikuwe na kazi. Wakamupatia muwa. Siku ya Mungu Papa Gustave iko nyuma ya goli na muwa mu meno, na kila saa Noël anaita kutoka kule mbali: "Muzee, tafuna!" Déo akapita wawili, wa tatu akateleza chini kumukata mguu, Déo akaruka. Miguu yote mbili iko juu, nyasi ziko chini kabisa. Njo foto hiyo. Kalembe wakafungwa tena, lakini mara hii si sababu ya kinywa ya Papa Gustave.

Foto ikaenda Bweremana mu telefone. Mama Jeannette akapiga.

"Papa, hii ya kushoto njo ile ilivunjika?"

"Njo yenyewe, Mama."

Tunasikia soko tu, watu wanabishana juu ya sambaza, ile samaki kidogo.

"Na alishuka muzuri?"

"Alishuka na mbio, Mama. Mpaka sasa hatujamukamata."

Mama Jeannette akasema: "Basi mumuache acheze." Akakata.

Papa Gustave, sisi wote wa hospitali, kuanzia docteur mpaka sisi wa mabeseni, tunasema asante sana. Uende muzuri, ukae na afya na Mama Valérie, macho yako isichoke, na kila kiwanja ya Masisi na Walikale ikupatie nafasi ya kukaa.