Emérita Byukusenge, Aliyepima Joto la Vitu Visivyoonekana

Wapendwa, mimi Magloire, mdogo wake, ninawasomea maisha ya dada yetu.

Emérita Byukusenge alizaliwa Nyabiondo tarehe 14 Machi 1988, mtoto wa kwanza wa hayati Papa Callixte Kabera na Mama Murekatete. Alisoma shule ya msingi hapo Nyabiondo, na sekondari Masisi. Vita ilimkatisha masomo mara mbili. Mara zote mbili alirudi darasani. Mwaka 2013 alipata licence, shahada ya kwanza, ya fizikia Bukavu.

Tarehe 9 Julai 2016 alifunga ndoa na Evode Gisubizo, mwalimu. Mungu aliwapa binti, Fifi.

Mwaka 2019 walihamia Ubelgiji kwa doctorat, shahada ya juu kabisa. Kule alipima namna joto linavyopita ndani ya seli za mwili, kwa kutumia punje za almasi ndogo kuliko vumbi. Punje hiyo, wataalamu wenyewe wanaiita capteur quantique, yaani kipimio cha kwanta, inawaka nyekundu ikimulikwa na laser, na mwangaza wake unabadilika joto likipanda hata kidogo sana. Mama alipoelezwa kwa simu aliingiwa na hofu.

“Sasa ikikuangukia chini, utaiona na nini?”

“Mama, hata ikiwa mukononi siione.”

Mwaka 2023 vipimo vyake vilitoa matokeo makubwa. Wakubwa wake walifurahi. Yeye hakuyaamini, akapima tena na tena. Mwishowe aligundua kwamba laser yenyewe njo ilikuwa inapasha punje joto, si seli. Akamwambia profesa wake: “Tusitume hii kuchapishwa. Ule moto ni wetu.” Alianza upya mwaka mzima. Matokeo ya mwisho yalikuwa madogo, lakini ya kweli. Doctorat aliipata tarehe 6 Desemba 2024.

Januari 2025 vita ilifika Nyabiondo, Mama akakimbilia hapa Ntoto, simu yake ikazima. Siku kumi na saba hatukujua kama yuko hai. Emérita hakungoja: mwezi Februari alitoka Ubelgiji kwa ndege, akashuka Kisangani, akapanda pikipiki kupitia Walikale, akafika tarehe 3 Machi akitetemeka kwa homa. Aliuliza kwanza: “Mama, unakula?”

Malaria ikampanda kichwani. Centre de santé, kituo cha afya cha hapa, haikuwa na sindano za malaria; tuliyemtuma Walikale kuzitafuta alirudishwa njiani kwa sababu ya vita. Alituacha tarehe 8 Machi, saa nne ya asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama.

Tunamzika Ntoto kwa sababu njia ya Nyabiondo imefungwa. Anaacha mama yake, mume wake, Fifi wa miaka saba, na sisi ndugu zake: Magloire, Jean-Luc na Estelle. Evode na Fifi wanatusikiliza kwa simu kutoka Ubelgiji. Réseau ikikatika, tutawasomea tena.

Mungu akupokee, dada. Lala sasa bila hofu.