Kiatu cha Papa Stani na Baridi ya Kambo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji ya shamba letu la Tulime, papa Stanislas Nkandu anastaafu tarehe 31 Oktoba mwaka huu. Mimi Benita, mtunza stoo, nimepewa kazi ya kumwandika kwa sababu, wanasema wenzangu, hakuna aliyegombana naye kuliko mimi. Hilo sikatai. Mtu huyu ameazima kwangu spana ambazo hadi leo nazitafuta.

Papa Stani ni mtoto wa Kenya, ule mtaa wa mjini kwetu, si nchi, mwana wa mfanyakazi wa reli. Aliingia hapa kama mchomeleaji, akahamia kwenye injini, na mwishowe kila kitu kilichokuwa na moshi, mkanda au mlio kikawa chake. Pampu za kumwagilia, kinu cha mahindi, jenereta ya ofisi, vyote vimepita mikononi mwake. Ana sauti kubwa, hapendi kukosolewa, na anajisifu mchana kutwa. Zaidi ya yote anapenda viatu. Ovaroli yake inaweza kuchuruzika mafuta, lakini viatu vya kwendea misa vinang'aa kama sufuria mpya, na ole wako uvikanyage.

Pamoja na hayo yote, jina lake hapa Tulime limefungamana na trekta moja, lile jekundu la zamani tunaloliita Kambo, yaani bibi. Kambo ana nguvu kuliko wajukuu zake, ila kiyoyozi chake kilivuja kila mwaka joto la Oktoba lilipofika. Msomaji asidhani kiyoyozi ni anasa. Dereva anayepulizia dawa ya magugu hufunga milango na madirisha ili asiivute. Kabini ikikosa baridi inakuwa tanuri, dereva anafungua mlango, na dawa inaingia kifuani. Guelord, dereva wa Kambo, alikuwa ameshaanza kukohoa, na daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kuivuta dawa ile atatafuta kazi nyingine.

Misimu michache iliyopita, mahindi yalikuwa yamekwisha pandwa na dawa ilipaswa kupuliziwa kabla hayajaota. Mvua zilikuwa zimeanza kutupiga chenga. Gesi ya kiyoyozi tuliyoagiza ilikuwa imekwama mpakani Kasumbalesa, ndani ya lori lililokuwa nyuma ya malori mengine ambayo mwisho wake hauonekani. Papa Stani alikuwa msibani, amemzika shemeji yake. Chef Paulin, mkuu wa shamba, akaona hawezi kusubiri, akampeleka Kambo kwenye gereji moja ya barabarani. Kambo alirudi akitoa baridi safi. Tulipanga foleni kutia mikono kabinini, Paulin akiwa wa kwanza, na tukapiga makofi kama watoto.

Asubuhi iliyofuata papa Stani alishuka kwenye pikipiki moja kwa moja kutoka msibani, bado amevaa suti nyeusi na vile viatu. Akauliza Kambo yuko wapi. Kiki, anayeosha matrekta, akamjibu huku akicheka: “Banamutengeneza, papa! Banatia ile gaz ya kupikia. Iko baridi sana, paka harufu tu njo mubaya, sawa kitunguu kyenye kuoza.”

Papa Stani hakucheka. Ujanja ule wa kujaza gesi ya jikoni aliujua, maana zamani, gesi ya kweli ilipoadimika, yeye mwenyewe aliutumia kwenye friji ya dada yake. Friji ililipuka, ukuta wa jiko lile ukabaki mweusi, na dada yake alipona kwa kuwa alikuwa ametoka kuchota maji. Alijua pia kwamba ikiwa harufu imefika ndani ya kabini, basi uvujaji uko juu ya paa, kwenye kipoozeo kinachopuliza baridi kabinini, na gesi ile nzito inamshukia dereva kichwani na kujaa miguuni mwake huku milango imefungwa.

Na kuna jambo lingine ambalo shamba zima linalijua. Guelord havuti sigara akiwa anapulizia. Anavuta moja, moja tu, kila tangi la dawa linapoisha.

Kambo alikuwa ameshatoka kupulizia; papa Stani akaigeuza pikipiki kuelekea shambani, ikaishia kwenye matuta. Papa Stani akaruka, akaanza kukimbia, na sisi nyuma yake bila kujua tunakimbilia nini. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Mbele yetu Kambo alikuwa anamaliza mstari, na mabomba ya kupulizia yalikuwa yanadondosha matone badala ya ukungu. Tangi lilikuwa limekwisha. Papa Stani alipaza sauti yake yote, ile inayotuchosha kila siku, lakini injini iliimeza. Kambo akasimama. Kupitia kioo tulimwona Guelord akiweka sigara mdomoni na kupeleka mkono kwenye mfuko wa shati.

Papa Stani alivua kiatu akiwa bado anakimbia, akakirusha.

Kilipiga kioo cha mbele, pa! Guelord aliruka kwenye kiti. Kiberiti kilikuwa mkononi, bado hakijawashwa. Akafungua mlango kwa hasira, tayari kutukana. “Papa, una nini? Unalewa ku kilio?”

“Shuka! Acha mulango wazi! Hapana kuzima, hapana kugusa kintu! Shuka, mwanangu!”

Sidhani Guelord alielewa lolote, ila neno la mwisho lilimshusha. Papa Stani alimshika mkono akamvuta mbali, dhidi ya upepo, na hakumwachia mpaka tulipofika kwenye nyasi. Hapo ndipo alipomweleza kwamba kabini imejaa gesi ya kupikia, na cheche moja, hata ya swichi, ingeilipua. Guelord alikaa chini, akatazama kile kiberiti muda mrefu, kisha akamrudishia papa Stani kama kitu kilichokuwa chake. Papa Stani akakitia mfukoni, akaanza kulia waziwazi mbele yetu sote. Nasi tulilia.

Kabini ilipopigwa upepo wa kutosha Kambo alizimwa, na gesi ile ikatolewa yote mahali pa wazi. Papa Stani akajaza mabomba ya kiyoyozi naitrojeni, gesi isiyoshika moto, akapaka povu la sabuni kila kiungo. Juu ya paa, pale bomba la kipoozeo lilipokuwa likisuguana na kishikizo cha chuma, povu likaanza kuchemka. Alichomelea tundu, akageuza kishikizo kisiguse tena, akafyonza hewa yote kwa pampu, na gesi ya kweli ilipofika kutoka Kasumbalesa akaijaza.

Lakini Guelord hakutaka kuiona kabini ile. Alisimama mbali, mikono nyuma, na kila Paulin alipomwita alitikisa kichwa. Sote tulijua kwamba dereva asiyepanda hana kazi. Ndipo papa Stani alipopanda mwenyewe, akafunga milango yote, akawasha. Akakaa humo juani huku tukimtazama kupitia kioo. Baadaye akafungua dirisha kidogo. “Benita, muniletee triko yangu. Kambo anataka kuniua na baridi!” Guelord ndiye aliyekimbia kuileta ile sweta.

Tangu siku hiyo ikawa desturi ya gereji yetu. “Mwenye anatengeneza, njo ye anaikala wa kwanza,” anasema, na hakuna trekta linalokabidhiwa kabla fundi wake hajakaa kabinini, milango imefungwa, akatoka amevaa sweta. Tunacheka, lakini tangu hapo hakuna dereva wetu aliyeogopa kiti chake, na kikohozi cha Guelord kimekwisha. Kile kiatu tulikiokota kimelowa dawa, na papa Stani analilalamikia tukio hilo hadi leo kana kwamba mwenye hatia ni kiatu.

Wiki iliyopita alimtengeneza Kambo kwa mara ya mwisho, kiungo kidogo tu. Alipofuta mikono na kugeuka apande, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Guelord alikuwa ameketi humo, amevaa sweta ya papa Stani, vioo vyote vimepandishwa. Papa Stani aligonga, akafoka, akataja sheria yake. Guelord alitikisa kichwa.

“Unaikala ya kutosha, papa. Leo njo miye.”

Papa Stani alisimama pale nje, akaweka kiganja kwenye kioo.

Asante, papa Stani. Tunakutakia mapumziko mema, wewe na jamaa yako yote. Ile jozi mpya ya viatu vyeusi uliyofungiwa kwenye meza ya gereji imetoka kwa Guelord. Rudi kututembelea nayo, miguu yote miwili.