Karibu, Mama Nani?

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama maharage yako jikoni, punguza moto kwanza, usogee. Leo tunamkumbuka Philomena Mageni, aliyezikwa Jumamosi kwao Ushirombo. Miaka arobaini na moja. Saratani ya mji wa mimba. Huko Nyarugusu alikoishi, wote walimjua kwa jina la Mama Kamili. Na jina hilo, jamani, ndilo lililomponza.

Philomena hakuzaa. Narudia, maana wapo watakaoshtuka: Philomena hakuzaa. Kamili ni binti wa dada yake, Tereza, aliyefariki mtoto akiwa hajaota hata jino. Philomena akambeba, akahamia naye machimboni Nyarugusu, akawa anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, mtoto mgongoni. Kwetu huku mwanamke aliyelea hakosi jina. Akaitwa Mama Kamili, naye akaitika. Nani asingeitika? Bila jina hilo angeitwa mgumba, na midomo ya watu tunaijua.

Lakini siku zake za mwezi zilikuja mara mbili kwa mwaka. Mwaka mwingine hazikuja kabisa. Ndevu zikamwota kidevuni, naye kila asubuhi alizinyoa kwa wembe kabla ya kufungua mlango.

"Nilidhani wanawake wote hunyoa," anasema Kamili, ambaye sasa ana miaka ishirini na miwili.

Miaka tisa iliyopita, watafiti walifika kijijini. Walikuwa wakifuatilia ugonjwa wenye dalili hizohizo, wa homoni kuvurugika na mayai kutopevuka, ambao wataalamu wanauita PCOS. Wanasema mwanamke mmoja kati ya kumi anaweza kuwa nao, na wengi wao hawajui. Chanzo chake hasa hakijajulikana hadi leo. Na tafiti nyingi zimefanyika mbali, kwa wanawake wasiotufahamu hata kwa jina. Basi Philomena akavaa kitenge chake cha kanisani, akapanga foleni. Alitaka kujua ana nini. Hilo tu.

"Karibu. Mama nani?" akauliza mwandikishaji.

Kabla hajafungua kinywa, jirani yake Klara akamjibia, kwa heshima zote: "Huyu ni Mama Kamili."

"Kamili ana umri gani?"

"Kumi na tatu. Binti mkubwa huyo!" Klara akacheka.

Kwenye fomu ikaandikwa: amezaa, mtoto mmoja. Nao siku ile walikuwa wanawatafuta wasiopata ujauzito. "Mama, wewe uko salama, nenda nyumbani," akaambiwa. Nyuma yake majirani walikuwa wamesimama, masikio wazi. Angesema nini mbele yao? Akasema, "Asante, dokta," akarudi kwenye mawe yake.

Klara analia mpaka leo. "Nilimpa heshima yake. Ningejua, ningenyamaza."

Pole, Klara. Lakini wewe hukuwa na kalamu mkononi. Mwenye kalamu alipaswa kuuliza mara mbili, tena faraghani. Nami linaniuma, kwa sababu siku zikikosekana miaka na miaka, ukuta wa mji wa mimba unanenepa, na saratani inaweza kupata pa kuanzia. Dawa za kuulinda zipo, za kawaida kabisa. Philomena hakupewa hata moja.

Mwaka jana damu ilianza kumtoka, ikagoma kukatika. Safari hii, hospitalini, daktari aliwatoa watu wote chumbani, akamuuliza taratibu: "Umewahi kubeba mimba?" Akajibu hapana. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa mtu. Saratani ilikuwa imeshasambaa.

Tunawapa pole wazee wake wa Ushirombo, ndugu, jirani yake Klara, na wapondaji wenzake wote. Mungu ampumzishe. Nasi tuliobaki tujiulize ni wangapi tunaowaita mama fulani, na hatujawahi kuwauliza hali zao.

Kamili ameniruhusu niseme hili. Siku tatu baada ya mazishi alikwenda zahanati. Palikuwa na foleni, na majirani walikuwamo.

"Karibu," akasema muuguzi. "Mama nani?"

"Mimi si mama wa mtu. Naitwa Kamili. Siku zangu hazijaja miezi mitano. Andika hivyo."