Bi Darlene Kubicek na Msimu Wake wa Mwisho Uwanjani

Tarehe 31 Desemba, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwatibu wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo cha Harlow Creek, Bi Darlene Kubicek atakabidhi funguo za chumba cha tiba na kwenda kupumzika. Mimi, mtunza vifaa wa timu, nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa vyumba vyetu vimetazamana kwa miaka kumi na tisa. Ninayo pia sababu yangu mwenyewe ya kukubali, nayo nitaieleza.

Bi Darlene ni mtoto wa wakulima wa mahindi wa hapa hapa Nebraska. Alipoajiriwa, timu haikuwa imewahi kuwa na mwanamke katika kazi hiyo, na kocha wa wakati ule alimpa stoo ya mifagio iwe ofisi yake. Akatoa mifagio, akaingiza meza mbili. Kufikia Oktoba, kocha yule yule alikuwa amelala kifudifudi juu ya mojawapo, akiugulia mgongo.

Wachezaji wote wanayakumbuka maji yake ya achari ya matango, dawa ya misuli inayokakamaa katika joto la Agosti. Jitu la kilo mia na arobaini likikunja uso, yeye huliambia, "Kunywa, mwanangu. Hapa si hotelini." Nalo hunywa.

Msimu huu ulikuwa wa kuaga, na vijana waliamua kumuaga vizuri. Walishinda mechi nane, wakapoteza moja. Kinyozi alinyoa bure kila aliyevaa jezi, na kanisani watu walikula chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharagwe, na maandazi ya mdalasini huku wakizungumzia mabeki badala ya mahubiri. Ilibaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya Chuo cha Brandt. Tukishinda, tungeingia mchujo wa taifa, mahali ambapo chuo hiki hakijafika kwa miaka ishirini na miwili.

Mwishoni mwa robo ya tatu tulikuwa tukiongoza kwa pointi nne. Colby Rademacher, mrusha mpira wetu, kijana wa mwaka wa mwisho, aliangushwa kisogo kikatangulia chini. Aliinuka mwenyewe. Uwanja mzima ulishangilia. Bi Darlene hakushangilia; alikuwa amemwona akielekea kwenye benchi la Brandt badala ya letu.

Alimshika mkono, akamketisha, akamwambia ataje miezi kinyumenyume, apime kama ubongo umetikisika.

"Desemba, Novemba, Oktoba," alisema Colby. "Novemba… Bi Darlene, niko poa bwana, niache nicheze!"

"Leo umemaliza, mwanangu."

Akamvua helmeti, akaiweka kwenye benchi, akaikalia. Naam, aliikalia. Colby alimtolea maneno ambayo jarida la chuo haliwezi kuyachapa. Kocha Lonnie Ashburn akaja mbio: "Darlene, dakika kumi na tano tu! Kumi na tano!"

"Lonnie, hata moja simpi."

Jukwaani walianza kumzomea, wazazi tunaosalimiana nao kila Jumapili. Na hapa ndipo ilipo sababu yangu. Mimi, niliyekuwa hatua tatu kutoka kwake, nilipaza sauti: "Mpe kijana helmeti yake, mama, unatuharibia msimu!" Hakugeuka. Alikuwa anamfunika Colby blanketi.

Tulipoteza, ishirini kwa kumi na saba. Msimu ukaishia pale, kwenye nyasi zilizoanza kushika barafu.

Jumapili asubuhi Colby alianza kutapika na hakuweza kuvumilia mwanga. Hospitali ilimlaza siku nne. Daktari alimwambia mama yake kwamba pigo la pili siku ile lingeweza kumuua. Jumanne Kocha Ashburn alibisha mlango wa chumba cha tiba, akaketi juu ya meza kama mchezaji aliyeumia. Bi Darlene aliendelea kukunja taulo, kisha akampa nusu ya zile taulo akunje na yeye.

Wiki mbili baadaye alikuja Colby, amevaa miwani ya jua. Mlango wangu ulikuwa wazi, nikasikia yote. Hakukumbuka chochote cha robo ile, akaomba asimuliwe. Bi Darlene akamsimulia mpira kwa mpira, mpaka filimbi ya mwisho.

"Na mimi nilisema nini uliponitoa?" aliuliza Colby. "Nilikukosea adabu?"

"Hata. Ulisema asante."

Katika miaka yote kumi na tisa, huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema. Colby alipotoka aliniona, akaniuliza ukweli, nami nikamwambia, pamoja na yale niliyopaza mimi mwenyewe. Alisimama kidogo kwenye korido, kisha akarudi ndani. Safari hii mlango wangu niliufunga. Ni Colby aliyeniruhusu kuyaandika haya, na ni yeye atakayemkabidhi Bi Darlene zawadi yetu kwenye hafla ya kumuaga Ijumaa.

Bi Darlene, nilikuzomea mbele ya watu, basi nakuomba radhi mbele ya watu. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya wale waliotembea kutoka uwanjani kwa miguu yao wenyewe kwa miaka thelathini na moja, asante. Lala hadi jua lichomoze, ukapande zile nyanya ulizotuahidi, na Jumamosi za msimu ujao njoo ukae jukwaani pamoja nasi, upige kelele upendavyo. Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha.

Wendell Stubbe, Mtunza Vifaa