Pipi Siku ya Karva Chauth

Kosa lilianzia kwenye kikohozi. Katika basi la kwenda Herndon, mama wa Kihindi aliyekaa mbele yangu alikohoa, na jirani yake, Mkongo mwenye sare ya kutunza wazee na jina Anysie kifuani, akampa pipi, naye akatia nyingine kinywani mwake. Walikuwa wameshasalimiana kwa Kiswahili, maana yule mama, Kamlesh, ni mzaliwa wa Kisumu. Kamlesh akaitia pipi kinywani, kisha akashika shavu.

"Uuwi! Leo nimefunga! Ni Karva Chauth! Sisi wake hatuli, hatunywi hata maji, mpaka tuone mwezi, ndiyo bwana aishi. Na mzee yangu anapasuliwa moyo saa hii!"

"Tema, mama," Anysie akasema, akakinga kiganja. Tangu nihamie Virginia sijaona mtu akikinga mate ya mtu asiyemjua.

Akatema, lakini hakutulia. "Utamu nimemeza."

"Mungu haiko vile. Hawezi kuua mutu juu ya bombo, pipi moja tu."

"Wewe uko na bwana?"

"Eko Uvira. Simu yake haipatikane tangu juzi. Lakini miye ninaomba, na ninakula."

"Na ukishaomba, unalala?"

Anysie akatoa simu, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Kamlesh akatazama mawingu dirishani, amekumbatia chekeche atakalotumia kuchungulia mwezi, kama utatoka. Basi likasimama mbele ya hospitali, akashuka mbiombio bila kuaga.

Nikamwona Anysie akitoa pipi yake mwenyewe mdomoni, akaifunga taratibu kwenye karatasi.