Mama Kete na Mfalme Aliyekatwa Gazetini

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Kete atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya kulitumikia gazeti letu kwa miaka thelathini na miwili. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu tumekaa meza kwa meza miaka kumi na tisa. Wapo wanaosema nimeombwa kwa sababu nina dhambi ya kuungama. Nao hawakukosea.

Alianza akiwa mpiga chapa, akapanda kuwa msahihishaji, kisha mwandishi wa michezo, mwanamke peke yake katika chumba cha wanaume waliojua jambo moja tu, mpira. Wao wakibishana kuhusu penalti, yeye alikuwa na ubao wa sataranji mapajani, akicheza pande zote mbili. Mchezo alifundishwa na babu yake mzaa mama, fundi saa. Jina la Mama Kete alipewa na dereva wa ofisi, siku alipookota kete ya farasi mweusi chini ya kiti cha gari kwa mara ya tatu.

Alikuwa na imani moja: mtoto akizoea kufikiri kabla ya kugusa, kete na maisha vyote atavicheza vizuri. Lakini atauchezaje mchezo ambao hajawahi kuusikia? Akaomba safu. Mhariri mkuu wa wakati ule alimwambia sataranji ni drafti iliyovaa suti. Ombi la kwanza alilikataa, la pili alilicheka, la saba akachoka. Kona ya Sataranji ikazaliwa, ukurasa wa kumi na nne, chini kabisa, upana wa viganja viwili.

Mama Kete akajifunga kibwebwe. Alipigilia ubao mkubwa kwenye ukuta wa nje, pale wapita njia wanaposoma gazeti bure, akaning'iniza kete za bati kwenye misumari. Kila siku yeye alicheza hatua moja, na mtaa ulimjibu kwa vikaratasi vilivyotumbukizwa kwenye kisanduku. Jibu lililopata kura nyingi ndilo lililochezwa. Wauza mitumba walibishana na makarani wa benki. Mchezo wa tatu mtaa ulishinda, na fundi viatu wa pale kona akafunga kibanda saa sita mchana kwa furaha. Kila Jumatano asubuhi Mama Kete alikuwa shuleni na mfuko wa vizibo vya soda alivyovipaka rangi, maana kete za dukani hazikutosha. Redio walipomwalika kwa dakika tano, alikaa dakika ishirini na hakuna aliyethubutu kumzima.

Kisha akaja mhariri mkuu mpya, kurasa zikapunguzwa, na Kona ikawa imekalia kuti kavu. Mbele yetu sote alimwambia Mama Kete kwamba hajawahi kukutana na mtu hata mmoja anayeisoma, na kwamba Jumamosi ile itakuwa ya mwisho. Mama Kete hakubishana. Alirudi mezani akaandaa fumbo la kuagia: weupe waanze, washinde kwa hatua tatu. Nilimwona akifuta macho, akisingizia vumbi la karatasi.

Sasa dhambi yangu. Mimi ni msanifu kurasa, na wakati huo nilikuwa na miezi mitano kazini. Ijumaa hiyo mchana lililetwa tangazo la magodoro, refu kuliko nafasi yake kwa sentimita moja. Nikatazama huku na huku, nikauona ule mchoro wa vyumba vyeusi na vyeupe. Ulikuwa na mistari minane. Nikajiuliza, nani atahesabu? Nikakata wa chini. Machoni pangu kilikuwa kitambaa cha meza tu. Ukikata pindo, meza bado imefunikwa.

Mfalme mweupe alikuwa amekaa kwenye mstari huo.

Simu ya kwanza iliingia Jumamosi saa moja kasorobo asubuhi. Kufikia saa tano, mpokea simu alikuwa ameorodhesha mia mbili na kumi na tatu. Alipiga muuguzi aliyetoka zamu, akapiga bwana jela aliyesema wafungwa wamegoma kunywa uji mpaka wajibiwe. Mpokea simu alipolemewa, mhariri mwenyewe akashika mkono wa simu. Aliyepiga alikuwa binti wa kidato cha pili, aliyejifunza kwenye Kona kwa ubao wa boksi.

"Samahani mjomba," alimwuliza, "mfalme wetu mmempeleka wapi?"

Mhariri aliweka simu chini. Alituita mimi na Mama Kete, nami nilijua unga wangu umemwagika. Aliyekuwa na haki ya kuninyonga ndiye aliyenitetea.

"Usimfukuze huyu," Mama Kete alisema. "Niachie mimi, nimfundishe kuhesabu mpaka nane."

Jumamosi iliyofuata Kona ilirudi, ukurasa wa sita, pamoja na mfalme na radhi niliyoiandika kwa mkono wangu. Haikufutwa tena. Mashindano ya vijana aliyoyaanzisha kantini kwetu na watoto ishirini na wanne sasa yana shule sitini. Binti wa boksi leo ndiye anayewafundisha wachezaji chipukizi. Nami, baada ya mafunzo ya kila mchana, sijawahi kumshinda Mama Kete. Nimetoka naye sare mara mbili, na moja alikuwa na homa.

Wiki iliyopita mhariri yule yule, sasa mvi tupu, aliuliza kikaoni kama Kona nayo istaafu pamoja na mwenyewe. Mama Kete hakubishana, kama kawaida yake. Tulipotoka alipanga kete mezani kwangu, akasogeza moja, akanizuia mkono nilipotaka kujibu.

"Jibu lako nitalisoma gazetini Jumamosi," alisema, akachukua mkoba wake akaenda.

Nilimfuata mhariri nikamwambia Kona nitaishika mimi. Akaniuliza kama najua kuhesabu mpaka nane.

Mama Kete, asante kwa kuniokoa, na kwa kila mtoto uliyemfundisha kufikiri kabla ya kugusa. Tunakuombea afya, mapumziko matamu na wapinzani wagumu kuliko mimi. Ukurasa wa Jumamosi nimeshaupanga. Mistari nimeihesabu mara tatu, na mfalme wako yuko mahali pake.