Furu wa Ndani ya Chupa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Paroko, Ndugu Mwekezaji unayekabidhiwa kituo hiki leo, wafanyakazi wenzangu, na ninyi wavuvi mliotoka Kisorya na hapa Musoma, nawasalimu nyote.

Nimeombwa niage kwa niaba ya watafiti, nami naaga kwa moyo mzito na hasira kidogo, maana mwaka huu wa tisini na sita jengo letu linageuzwa ghala la minofu ya sangara, na nimeagizwa chupa zetu zimwagwe kabla ya jioni. Mnazijua chupa hizo? Ndani yake wamo furu, wale samaki wadogo, waliohifadhiwa kwa dawa, wa aina nyingi waliokuwa ziwani kabla sangara hajawafyeka. Dada Dafroza anayefagia maabara huzipa kisogo, anasema zinamtazama. Mimi simcheki.

Furu wote hao ni ukoo mmoja. Kinachowatofautisha ni jeni, yaani maagizo ambayo mtoto hurithi kwa baba na mama: hili humpa taya nene la kuvunjia konokono, lile humpa meno ya kukwangulia mawe, jingine humpa jicho la kuona vizuri wekundu au ubuluu. Jike alimchagua dume kwa rangi, na kila aina ikabaki na sura yake. Sasa maji yamechafuka. Katika ukungu ule, jike atamjuaje mume wake? Aina zinachanganyika.

Jana Pastory, mvuvi wa Kisorya, aliniletea ndoo. "Mtaalamu, huyu simjuagi," akasema. "Mama watoto kamkataa kabisa, eti ana sura ya watu wawili."

Nikachungulia. Samaki alikuwa kijivu kitupu, lakini taya lake lilikuwa la aina ambayo hatujaiona ziwani tangu miaka ya sabini. Tunayo chupani tu.

Ndugu zangu, huku kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, bibi hutaja majina ya marehemu wa ukoo, mmoja mmoja. Likitajwa la yule aliyerudi, mtoto hutulia. Je, tukimwaga chupa zile, marehemu hawa wa ziwani wakirudi, nani atawatambua? Naomba chumba kimoja tu cha kuziweka chupa, Mheshimiwa, kile cha nyuma, kisichofaa hata kwa barafu.

Samaki mwenyewe ndiye huyo kwenye beseni mbele yako. Tangu jana hajagusa chakula, kwa sababu furu jike hulea watoto mdomoni, na mdomo wake umejaa.

Tazameni, anaachama! Wanatoka... Usiiname, Mheshimiwa, kivuli chako kinawatisha. Basi, wamerudi wote, naye amefumba. Sura zao hakuna kati yetu aliyeziona.

Asanteni kwa kunipa masikio. Mheshimiwa, tunangoja neno lako.